Tulipie Mafunzo ya Mfumo wa Simu au Tusilipe?

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti huko Chale, wadi ya Kinondo, mbele ya wasimamizi wa zahanati, walimu wakuu, wenye hoteli ndogo, viongozi wa vyama vya akiba na mikopo, na vijana wanaofanya kazi za kompyuta. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.



Swali lililonileta hapa mmekuwa mkiliuliza ninyi wenyewe. Kampuni inakuja ofisini kwako na kukwambia: tutakuwekea mfumo wa simu wa programu huria. Programu yenyewe ni bure, hulipi leseni kila mwaka. Kisha, mwisho wa karatasi ya bei, kuna mstari mmoja: mafunzo ya wafanyakazi, kiasi fulani kwa kila mtu. Wakati mwingine mstari huo ni mkubwa kuliko bei ya mashine. Je, tulipe?

Mimi si fundi wa simu. Nimesomea uandishi wa habari, na kazi yangu ni kuhakikisha mwananchi anapata habari. Lakini kwa watu wetu wengi habari bado huanza na simu. Mama aliyeko Gazi anayetaka kujua kama chanjo imefika zahanati hafungui tovuti, anapiga simu. Ikiita tu bila kupokelewa, anapanda bodaboda, analipa nauli, na pengine anafika na kuambiwa arudi Jumatatu. Simu ya ofisi isipofanya kazi, ofisi haioni hasara hiyo kwenye vitabu vyake. Anayeibeba ni yule mama.

Kwa hivyo nitatoa jibu langu mapema ili tusizunguke. Mafunzo yanafaa kulipiwa ikiwa yataacha hapa nyumbani mtu, au afadhali watu wawili, wanaoweza kurudisha simu hewani bila kumsubiri muuzaji. Ikiwa hayataacha watu wa namna hiyo, mtakuwa mmenunua cheti cha kutundika ukutani. Yote nitakayosema baada ya hapa ni namna ya kulijua hilo kabla ya kutoa pesa, si baada.

Bure ni nini hapa?

Tuanze na mfumo wenyewe. Ni kompyuta ya kawaida iliyowekewa programu inayoigeuza kuwa swichibodi ya ofisi. Mwananchi anapiga namba moja. Sauti inamwambia abonyeze moja kwa dirisha la dawa, mbili kwa wadi ya uzazi, tatu kwa msimamizi. Simu inapita kwenye nyaya za mtandao wa ofisi, na kutoka nje inaingia kupitia intaneti au kifaa kinachobeba laini za simu za mkononi.

Programu inayojulikana zaidi katika kazi hii ni Asterisk. Iliandikwa na Mark Spencer, Mmarekani wa Huntsville, Alabama, mwaka wa 1999. Alikuwa kijana mwenye biashara ndogo ya kusaidia watumiaji wa Linux, akahitaji swichibodi, akaona bei yake hawezi. Akaandika ya kwake, kisha akaiachilia kwa umma. Kampuni yake ikaja kuitwa Digium, na mwaka wa 2018 ikanunuliwa na Sangoma ya Kanada. Juu ya Asterisk kuna FreePBX, ambayo ni kurasa za kubonyeza badala ya kuandika amri. Hii ndiyo ambayo wengi wenu mtaonyeshwa na wauzaji.

Sasa, kampuni inayotoa programu bure inakula wapi? Inauza vifaa, inauza huduma ya msaada, na inauza mafunzo. Hakuna udanganyifu hapo, hiyo ndiyo biashara yake. Lakini tulijue hilo tunapomsikiliza mtu wa mauzo. Maji ya kisima ni bure, na yeye anauza ndoo na kamba. Lazima ujiulize kama nyumbani huna ndoo.

Nani afundishwe nini?

Kosa linalopoteza pesa nyingi ni kumpeleka mtu asiyefaa kwenye darasa lisilomhusu. Kuna ujuzi wa ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya anayepokea simu: kuhamisha simu, kusikiliza ujumbe wa sauti, kuelekeza simu kwingine wakati wa chakula cha mchana. Hili ni somo la asubuhi moja, na aliyeweka mfumo anapaswa kulitoa bila malipo ya ziada kama sehemu ya kukabidhi kazi.

Ngazi ya pili ni ya mtunzaji wa mfumo. Huyu anaongeza simu mpya mfanyakazi anapoajiriwa, anafuta ya aliyeondoka, anabadilisha nywila, anaweka nakala ya akiba, anasasisha programu, na mfumo ukianguka anaurudisha kutoka kwenye ile nakala. Hapa ndipo mafunzo ya kulipia yanaweza kuwa na faida.

Ngazi ya tatu ni ya fundi bingwa anayejenga mifumo mikubwa, anayeandika programu za kuiunganisha na kumbukumbu za wagonjwa au za wateja. Zahanati haihitaji kumsomesha mtu wa ngazi hii, wala shule, wala hoteli ya vyumba ishirini. Ila kijana anayetaka kufanya hii kuwa kazi yake anaihitaji, na nitamrudia.

Ukipewa karatasi ya bei, uliza kwanza: haya ni mafunzo ya ngazi gani, na ni nani ofisini kwangu anayefanya kazi ya ngazi hiyo?

Daftari kabla ya ada

Ushauri wangu wa pili hauna gharama. Nunueni daftari la shilingi mia moja, mliweke karibu na mashine, na kwa miezi mitatu kila simu zinapokatika mwandike tarehe, nini kilitokea, nani alitengeneza, na kwa muda gani.

Nitumie hesabu ya mfano tu, ambayo si bei ya kampuni yoyote. Tuseme mafunzo ni shilingi 90,000, na nauli na malazi ya Nairobi ni shilingi 30,000. Jumla ni 120,000. Tuseme pia mwaka jana mlimwita fundi kutoka nje mara nane, kila mara shilingi 15,000. Hiyo nayo ni 120,000. Muuzaji atakwambia: umeona? Mafunzo yanajilipa ndani ya mwaka mmoja.

Sasa fungua daftari. Katika hizo mara nane, tano ilikuwa umeme ulipotea na betri ya akiba imekufa, au kutu ya hewa ya bahari imekula kichwa cha waya, au salio la laini limekwisha. Hayo hayafundishwi kwenye darasa la kampuni. Yanataka betri, waya mpya, na mtu wa kukumbuka salio. Mara tatu tu ndizo zilizohusu mfumo wenyewe, nazo ni shilingi 45,000. Basi mafunzo yatachukua karibu miaka mitatu kujilipa, ikiwa yule aliyefundishwa bado yuko kazini. Huenda bado yakawa na faida, lakini sasa unajadiliana na muuzaji ukiwa na hesabu yako mkononi.

Kwenye hesabu hiyo ongeza siku za kusubiri. Fundi akitoka Mombasa lazima avuke feri ya Likoni au azunguke Dongo Kundu. Akitoka Nairobi ni safari ya siku nzima. Hoteli ndogo ikikaa siku mbili bila simu wakati wa msimu wa wageni, inaweza kupoteza zaidi ya ada yote ya mafunzo. Kituo cha afya kikikaa siku mbili bila simu, hasara yake haihesabiki kwa shilingi. Ndiyo maana sisemi mafunzo ni upotevu. Nasema hasara yako uipime wewe, asikupimie muuzaji.

Jifunzeni cha bure kwanza

Kwa kuwa programu ni huria, nayo maarifa yake mengi ni huria. Kuna kitabu kinachoitwa Asterisk: The Definitive Guide. Kilianza kwa jina jingine mwaka wa 2005, na toleo la tano likatoka 2019. Matoleo yake ya awali yamewekwa mtandaoni kusomwa bila malipo. Maelezo rasmi ya programu yenyewe pia yako wazi.

Chukueni kompyuta ya zamani iliyolala stoo. Wekeni programu. Chukueni simu mbili za kisasa, kila moja iwekeni Linphone, ambayo nayo ni ya bure na huria. Ziunganisheni kwenye Wi-Fi moja na mpigiane. Hamtumii salio hata shilingi moja. Kisha wekeni sauti ya "bonyeza moja". Kisha wekeni nakala ya akiba, futeni mfumo wote kwa makusudi, na mjaribu kuurudisha.

Mpeni kijana wenu mwezi mmoja. Mwisho wa mwezi aandike orodha mbili: niliyoyaweza, na yaliyonishinda. Orodha ya pili ndiyo ya kununulia mafunzo. Ikiwa ina mambo mawili, msinunue darasa la siku tano, nunueni saa chache za fundi mzuri akae naye bega kwa bega. Ikiwa ina mambo kumi na tano, na ofisi inategemea simu, basi darasa linastahili pesa. Na yule kijana akifika darasani atauliza maswali, hatakaa kunakili tu.

Na ikiwa mwezi umekwisha hajafungua kompyuta hata mara moja, mmeokoa ada. Mtafuteni mwingine.

Je, somo ni la leo au la jana?

Mambo haya yanabadilika haraka, na kuna walimu wanaouza somo la zamani kwa bei ya leo. Nitawapa maswali matatu ya kumwuliza mkufunzi, na hamhitaji kuwa mafundi ili kuyauliza.

La kwanza: mnafundisha kuunganisha simu kwa chan_sip au kwa PJSIP? Chan_sip ilikuwa njia ya zamani ya Asterisk. Iliondolewa kabisa katika Asterisk 21, iliyotoka 2023. Mkufunzi ambaye darasa lake lote bado ni chan_sip anawafundisha kuendesha gari lisilotengenezwa tena.

La pili: mnatumia mfumo gani wa msingi? FreePBX ilikaa miaka mingi juu ya CentOS. CentOS 7 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 30 Juni 2024, na FreePBX 17 ikahamia Debian 12. Kama mashine ya darasani bado ni CentOS 7, ulizeni kwa nini.

La tatu: mnatufundisha kurasa za kubonyeza tu, au na kilicho chini yake? Hapa niwakumbushe kisa cha Elastix. Elastix ilikuwa programu huria ya simu kutoka kampuni ya PaloSanto ya Ekwado, ikapendwa sehemu nyingi za dunia, ikawa na mafunzo na vyeti vyake. Mwaka wa 2016 jina la Elastix likahamia kwa 3CX, na toleo jipya likajengwa juu ya programu ya 3CX ambayo si huria. Waliotaka kuendelea na ile huria wakaanzisha Issabel. Aliyekuwa amejifunza kubonyeza kurasa za Elastix peke yake alibaki na cheti chenye jina lisilomsaidia. Aliyejifunza Asterisk iliyokuwa chini yake alihamia Issabel au FreePBX na kazi ikaendelea. Jina la bidhaa laweza kuuzwa wakati wowote, lakini ujuzi wa msingi unabaki na aliyeupata.

Usalama si somo la hiari

Kuna somo moja ambalo, likikosekana, mimi nisingelipia hata kidogo. Nalo ni usalama. Wezi huzunguka mtandaoni usiku na mchana wakitafuta swichibodi zenye nywila rahisi. Wakiipata yako, wanapiga namba za nje ya nchi zenye bei ghali, na bili inakuja kwako. Mnaweza kulala Ijumaa mkaamka Jumatatu na deni.

Tena si nywila peke yake. Mwezi wa Agosti 2025 wahalifu walivamia mifumo ya FreePBX ambayo ukurasa wake wa usimamizi ulikuwa wazi kwa mtandao wote, wakitumia kasoro ambayo ilikuwa bado haijazibwa. Sangoma wakawaambia watumiaji wasasishe haraka na wafunge ukurasa huo kwa watu wa nje. Ofisi iliyokuwa na mtunzaji aliyefundishwa ilijua la kufanya. Ofisi ambayo fundi wake aliweka mfumo akaondoka haikujua hata kama inatumia FreePBX.

Kwa hivyo ratiba ya mafunzo ionyeshe wazi: kufunga ukurasa wa usimamizi kwa watu wa nje, kuzuia simu za kimataifa zisizohitajika, kuweka kikomo cha matumizi kwenye laini, na kusasisha programu. Na kama mnarekodi simu za wagonjwa au wateja, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019. Mkufunzi aliyetoka ng'ambo hatawafundisha sheria ya Kenya. Hilo ni jukumu letu wenyewe.

Pesa za umma

Sasa nizungumze na wale wanaotumia pesa za umma, nami nikiwemo. Kifungu cha 227 cha Katiba kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, usawa, uwazi, ushindani na gharama nafuu. Kwa lugha ya hapa, mafunzo yasiletwe baadaye kama nyongeza ya ghafla. Yaandikwe tangu mwanzo kwenye nyaraka za zabuni: watu wangapi, siku ngapi, masomo gani, na yafanyike wapi.

Mimi ningependelea yafanyike kwenye mashine yenu, ofisini kwenu, kwa simu zenu. Wawe watu wawili, kwa sababu mmoja atahamishwa, atajifungua, au atapata kazi Mombasa. Na mkataba useme kuwa malipo ya mwisho ya mafunzo yatatolewa baada ya jaribio. Jaribio lenyewe ni rahisi: mkufunzi anazima mfumo na kukaa pembeni, mikono mfukoni. Watu wenu wawili wanaurudisha kutoka kwenye nakala ya akiba, na simu inaita kwenye dirisha la dawa. Ikiita, mlipeni mgeni wa watu na mumshukuru. Isipoita, somo halijaisha.

Waswahili husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika haya mambo ya kompyuta, tumezoea mgeni kuja, akapona yeye, na mwenyeji akabaki na mashine iliyofunikwa kitambaa.

Kijana anayetafuta kazi

Vijana, ninyi swali lenu ni tofauti, kwa sababu mnalipa kutoka mfukoni mwenu, au mzazi ameuza mbuzi. Cheti kina thamani mbili: ujuzi, na kufunguliwa mlango. Ujuzi nimeusema, mwingi unapatikana bure. Kuhusu mlango, pitieni matangazo ya kazi ya miezi mitatu mhesabu: ni mangapi yanayotaja cheti hicho kwa jina? Kama ni machache sana, pesa hizo zitafanya kazi zaidi kwenye masomo ya mitandao na Linux kwa jumla, ambayo hoteli ya Diani, benki na hospitali zote zinayahitaji.

Mkiamua kulipia, chagueni cheti chenye mtihani wa vitendo. Digium walipoanzisha cheti chao cha dCAP waliweka sehemu ya kuandika na sehemu ya kujenga mfumo kwa mikono. Huo ndio mtihani unaomwambia mwajiri kitu. Na msidhani kazi hii ni ya wageni tu. Kampuni ya hapa Kenya, BITZ ITConsulting, ndiyo iliyotengeneza OpenCHS, mfumo wa chanzo huria kwa ajili ya laini za simu za kusaidia watoto. Nanyi pia mnaweza kufungua programu mkaisoma.

Kwa kumalizia

Kabla ya kusaini, ulizeni mambo matano. Daftari letu linasema nini kuhusu hitilafu? Mtunzaji wetu amejaribu nini mwenyewe, na nini kimemshinda? Somo ni la toleo la leo, na lina usalama ndani yake? Wanafundishwa wangapi, na wataendelea kuwa hapa? Na mwisho wa somo, nani ataurudisha mfumo mkufunzi akiwa amekaa kando?

Mkiwa na majibu matano mazuri, lipeni bila kusitasita, kwa sababu mtakuwa mnanunua uwezo wa kujitegemea. Mkiwa na mawili au matatu, anzeni na ile kompyuta ya stoo. Mkiwa hamna hata moja, nunueni daftari kwanza.

Mwananchi anayepiga simu hajui kama ofisi yenu inatumia Asterisk au kitu kingine, na hana haja ya kujua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Haki hiyo haina maana sana kwake kama namba aliyopewa inaita mpaka inakatika. Tumieni pesa za mafunzo mahali ambapo simu yake itapokelewa.

Sasa nipo kwa maswali, na mafundi walio hapa wanirekebishe.